Sifuri ya Kitongoji Chetu

Kwetu hakuna wizi. Mwizi akikatiza kwetu anaacha hata ndala zake. Ndivyo nilivyomtambia Shamte pale kwa muuza kahawa, na ushahidi nilikuwa nao kwenye simu: takwimu za uhalifu ambazo serikali imeziweka wazi, kila mwananchi ajisomee. Kitongoji chetu: sifuri.

Shamte, mtu wa ng'ambo ya bonde, alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Kurwa, nyie mtaibiwa nini? Sisi tunaibiwa, ndiyo maana tumewekewa taa za sola na doria. Endeleeni kulala gizani na sifuri yenu!"

Iliniuma. Wivu wa demu naujua. Wivu wa kuibiwa sikuwahi kuuonja. Na kilichoniuma zaidi, juzi tu bibi yangu Swaumu alikuwa ameibiwa korosho alizoanika uani, zikabebwa pamoja na turubai lake.

Nikampeleka kituoni. Benchi lilituchoka ndipo tukaitwa.

"Shikamoo, bibi," alisema afande.

"Marahaba, mwanangu. Wameniibia korosho."

"Ukiziona utazitambuaje? Zina jina?"

"Zina mgongo wangu, baba."

"Kaulize majirani kwanza. Hapa kwetu pametulia, juzi tumesifiwa wilayani Newala. Usituharibie."

Kalamu hakuigusa. Bibi akajifunga kitenge upya.

"Basi zilizobaki ndani nitazilalia. Wakizitaka wanibebe nazo."

Tukashika njia ya nyumbani. Ng'ambo ya bonde taa za akina Shamte zilisimama kwenye nguzo zake, zimetugeuzia shingo kama mabwana harusi. Nikawaza: korosho hazina jina, lakini baiskeli yangu ina namba kwenye fremu. Kitongoji kikipata wizi mmoja tu kwenye takwimu, na sisi tutaonekana. Jioni nikaipeleka kwa jirani yetu, Mama Oliva, nikamwomba anitunzie nyuma ya jiko. Asubuhi nikamwambia bibi nimeibiwa baiskeli, nikaenda kituoni na sura ya msiba.

"Afande, nimeibiwa baiskeli. Namba yake hii hapa."

Safari hii kalamu ilishikwa. Moyoni nikaiona taa ikimulika mlango wa bibi, naye amelala kitandani kama binadamu, na Shamte anatuonea gere.

Breki zikalia nje. Mama Oliva akaingia anahema, ameshika baiskeli yangu, uso umejaa furaha.

"Kurwa, mwanangu! Bibi yako kaniambia umeibiwa, nikaikimbiza nikutoe wasiwasi. Si uliniachia mwenyewe jana, ukasema niifunike makuti isionekane?"

Afande akaitazama namba kwenye fremu. Akanitazama mimi. Akafungua ukurasa mpya, akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri: taarifa ya uongo.

"Kitongoji gani vile?" akauliza.