Pikipiki ya Nzivo Haichaji

Ilizimika tena karibu na Makadara, na safari hii jua lilikuwa limeshatoka. Taa ya mbele ilikuwa imefifia tangu mjini, honi nayo ikakohoa mara moja, halafu injini ikanyamaza kabisa. Nzivo akashuka. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga magazeti yote ya Donholm kwa mipira ya baiskeli, mzigo wa kumfika mabegani. Akaanza kusukuma.

"Mzee, hiyo imelala bila kula?" kijana mmoja akamtania kutoka ng'ambo ya barabara. Nzivo akazidi kusukuma. Gazeti la asubuhi likifika saa tatu ni la kufungia nyama, na yeye alikuwa bado na nusu ya Jogoo Road mbele yake.

Alipofika Donholm, Mutisya, wakala wa magazeti, alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono kifuani. Wauzaji walikuwa wameshatawanyika.

"Nzivo, nimekuvumilia kwa sababu wewe ni mtu wa kwetu," Mutisya alisema. "Kesho ukichelewa, njia hii nampa mwingine. Na usije kunililia nyumbani."

"Kesho nitafika, Bwana Mutisya."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

Ni kweli, alisema. Tangu baraza la jiji limwachishe kazi pamoja na matarishi wenzake, hiyo njia ya magazeti ndiyo iliyobaki kati yake na kurudi Kitui mikono mitupu. Kavindu, mkewe, siku hizi alipika mara moja tu kwa siku, na alipopakua alijifanya yeye ameshakula.

Akaisukuma pikipiki hadi kwa Sylvance Opiyo, fundi aliyefanyia kazi chini ya turubai kando ya barabara. Sylvance alimjua yeye, na pikipiki aliijua zaidi.

"Betri ni ya lini?"

"Ya wiki hii. Si mpya, lakini walinihakikishia ni nzima."

"Wangekuambia ni mbovu?" Sylvance akacheka, akabandika ncha za mita kwenye betri. "Iko chini, ila haijafa. Sasa tuone nani anaiua."

Akaazima betri iliyoshiba kutoka pikipiki nyingine, akaiunganisha, akawasha. "Vuta mafuta. Tena. Vuta!" Injini ikanguruma, na wote wawili wakainamia ile mita. Sindano ilikuwa inashuka.

"Umeona? Ukivuta mafuta inatakiwa ipande. Hii yako inakula betri na hairudishi kitu."

Akakagua fyuzi. Akakwangua kutu kwenye waya wa ardhi, akapima tena, bure. Akafuata nyaya zinazotoka kwenye injini, akazipima moja moja, mita haikutikisika hata kidogo. Ndipo alipopitisha kidole kando ya kifuniko cha kushoto cha injini, akakinusa.

"Gundi hii ni mpya. Nani amefungua hapa?"

"Mimi sijafungua. Kuna fundi mwingine ninayemwendea?"

Sylvance akalegeza skrubu na kukivuta kifuniko. Mahali pa koili palikuwa patupu. Nyaya zilikatwa kwa kisu, zikakunjwa na kurudishwa ndani vizuri, kusudi kwa nje kila kitu kionekane sawasawa.

"Omera, ndugu yangu, hapa umeibiwa. Hii kitu ndiyo hutengeneza chaji. Bila hii, utanunua betri mpaka uzeeke."

Nzivo akachuchumaa. Hakuhitaji kuambiwa palipofanyika hayo. Mvua za vuli zilipoanza, gari la mkubwa mmoja lilimgonga, na polisi wakaichukua pikipiki iwe eksibiti, ushahidi wa kesi. Ikakaa katika ua wa kituo vuli yote, kiangazi chote, kesi ikiahirishwa kwa sababu huyo mkubwa hakufika hata siku moja. Mwishowe kesi ikatupwa, naye majuzi akaambiwa achukue mali yake. Aliwashukuru! Alisimama mbele ya askari, kofia mkononi, akawashukuru kwa kumtunzia.

"Nitakwenda niwaulize," alisema.

"Uwaulize nani?" Sylvance akaweka bisibisi chini. "Sikiliza. Hii betri nitakuchajia, saa nane itakuwa tayari. Ikishiba itakutoa nyumbani alfajiri, ikupeleke mjini, ikufikishe Donholm. Ukimaliza unaniletea nichaji tena. Si maisha, lakini kesho utafika. Koili tutatafuta polepole. Hao watu achana nao."

"Na betri itahimili siku ngapi hivyo?"

Sylvance akakuna kichwa. "Itakufa mapema. Lakini si kesho."

Saa nane betri ilikuwa imeshiba. Pikipiki ikawaka kwa teke la kwanza, na Nzivo akapanda akiwa na nia ya kwenda nyumbani kulala mapema. Hasira ndiyo iliyomgeuza. Miaka yote hiyo alivaa sare ya jiji, akapeleka barua za wakubwa kwenye mvua, asipoteze hata moja. Kitu chake kikipotea mikononi mwa serikali, si serikali hiyo hiyo itamsikiliza? Akakata kona, akaelekea kituoni.

Stima zilikuwa zimepotea, kituo kizima hakina umeme. Nyuma ya kaunta Koplo alikuwa anajipepea kwa faili, na askari wawili walikuwa wanaitazama kwa uchungu redio ya gari iliyowekwa juu ya kabati, nyaya zikining'inia. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza.

"Toa kofia. Sema," Koplo akamwamuru.

"Afande, pikipiki yangu imeibiwa koili."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kituoni, afande. Pale uani."

Faili ikaacha kupepea. "Rudia, wenzangu wasikie."

Nzivo akarudia. Sauti ilikuwa imempungua nusu. Askari mmoja akacheka, lakini Koplo hakucheka. Alitoka nje taratibu, akaizunguka pikipiki, akapiga tangi kofi kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Umefanya vizuri kuileta," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Nzivo. "Lete ufunguo."

"Wa nini, afande?"

"Si umesema kuna wizi? Mwizi akishikwa, korti itaonyeshwa nini? Wewe? Hii ni eksibiti."

"Afande, kesho alfajiri ninabeba magazeti. Basi iacheni hiyo kesi. Sitaki tena. Nimesamehe."

"Umesamehe nani?" Koplo akamsogelea. "Ama ulikuja kuwadanganya polisi? Maana hiyo ni kesi nyingine, na eksibiti yake ni wewe."

Nzivo akatoa ufunguo. Askari akaandika namba kwa chaki kwenye tangi, akaikokota pikipiki hadi uani, akaiegemeza kati ya nyingine zilizokuwa zimepasuka viti na kukosa vioo. Nzivo akabaki amesimama. Aende wapi? Amwambie Mutisya nini, na Kavindu je?

Askari akarudi amekumbatia betri ya ile pikipiki.

"Wee mzee, chanya ni ipi hapa?"

Nzivo alikuwa bado anaitazama pikipiki kule uani.

"Unaulizwa!" Koplo akafoka. "Ingia utuunganishie hiyo redio. Na ukiichoma, utailipa."

Akaingia nyuma ya kaunta. Akazichuna nyaya kwa meno, akatenganisha nyekundu na nyeusi, akazifunga kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa alifikiri, Mungu amsamehe, kwamba akiifanya vizuri huenda wakamhurumia. Redio ikaguruma. Uwanja mzima ukajaa mle chumbani, na askari wakapigana viganja kwa furaha.

"Afande," Nzivo alisema. "Sasa pikipiki..."

"Faili ikifunguliwa utaitwa," Koplo akasema, macho kwenye redio. "Na hii ikiisha moto, utakuja uipeleke ichajiwe. Si wewe ndiye unayejua mambo ya chaji?"

"Sawa, afande."

"Hebu ongeza sauti hapo kabla hujatoka."

Nzivo akaongeza.