Udongo wa Kileleni

Kifuko kilikuwa cha kitambaa chekundu, na Mama Ngoan alikishona mwenyewe, mshono mdogo mdogo kama anayemshonea mtoto mchanga. Alikivaa shingoni, ndani ya blauzi. Tangu basi liondoke mjini Sa Dec alfajiri, mkono wake haukubanduka kifuani.

"Bibi, humo umeficha dhahabu?" aliuliza mama mmoja mnene aliyekaa ng'ambo ya njia, akimenya mbegu za tikiti kwa meno. "Maana unavyokishika!"

"Bado hamna kitu. Naenda kukijaza."

"Kujaza? Huko juu watu wanakwenda kumwaga pesa, wewe unakwenda kujaza! Utufundishe!"

Waliokuwa karibu wakacheka. Mama Ngoan naye akatabasamu, kwa sababu siku hiyo hakutaka kumwekea mtu yeyote kinyongo. Mtu anayekwenda kumchukua mumewe haendi na moyo mchafu.

Mumewe, Luom, alikufa juu ya mlima waliokuwa wakiuendea, katika vita vya mpakani, na mwana wao Phuoc akiwa bado tumboni. Mwenzake wa kikosi alikuja baadaye, anachechemea, akakaa barazani akanywa chai bila kuinua macho. "Tulimzika juu kabisa, shemeji," alisema. "Penye mwamba bapa, kando ya chemchemi. Tulichimba kwa kofia zetu." Serikali ikatuma watu wakatafute, wakarudi mikono mitupu. Kwa mtu kama huyo, ambaye mifupa yake haikuonekana, jamaa zake huchota udongo wa pale alipoangukia, wakaufunga katika nguo nyekundu, wakauzika kama mwili. Udongo ule ndio yeye. Bila huo, kaburi ni matofali tu.

Miaka nenda miaka rudi Mama Ngoan alimwomba mwanawe ampeleke. "Mwakani, Mama," Phuoc alikuwa akijibu, na mwakani wake haukufika. Mpaka biashara yake ya vigae ilipoanza kudorora, na binti yake akapata homa isiyosikia dawa, ndipo akaenda kwa mpiga ramli, naye akaambiwa, "Baba yako anaona baridi." Basi hapo mambo yakaenda mbio. Kaburi likajengwa kwa vigae vinavyong'aa kama meza ya hotelini, ukoo ukaalikwa, mtawa akachagua siku, na siku yenyewe ilikuwa keshokutwa. Safari ya kufika kileleni na kurudi siku hiyohiyo ilikuwa moja tu, hii ya watalii: basi, gari la kebo, chakula, picha, nyumbani.

Mama Ngoan alijua kwamba mwanawe hakumjengea baba, alijijengea mwenyewe. Lakini akajiambia, mbingu hupitisha heri hata kwenye mlango mbovu.

"Mashangazi, wajomba, wakwe, na wapenzi wa siri, hamjambooo!" Msichana mwongozaji, Vi, alisimama mbele na kipaza sauti. "Mnaona kibendera changu cha manjano? Ukikipoteza kibendera, umepotea wewe. Mimi sipotei, mimi nimeajiriwa!"

Wakasimama kwenye duka la asali, kisha kwenye duka la dagaa. Mama Ngoan hakushuka. Alibaki kitini akihesabu shanga zake na kulitaja jina la Buddha. Nje Phuoc alikuwa kwenye simu, na mkewe, Diem, anajipiga picha na mzinga wa nyuki wa plastiki.

Kebo iliwapandisha juu ya miti kimya kimya, kama kunyanyuliwa na mtu usiyemwona. Mama Ngoan akatazama chini, msitu mnene, mawe, mabonde. Maskini, Luom na wenzake huku walipanda kwa miguu, na mizigo, huku wanapigwa risasi. Machozi yakamlengalenga. Akakishika kifuko.

"Usiogope, Mama," alisema Diem. "Haikatiki hii. Ni ya Ulaya."

Juu, milango ilipofunguka, alikanyaga sakafu inayoteleza. Sakafu tupu. Uwanja mzima ulikuwa umesakafiwa kwa mawe yaliyochongwa, toka ukingo hadi ukingo, na katikati sanamu ya Mama wa Rehema wa Kibuddha, ndefu kupita minara, na chini yake mazulia ya maua ya manjano yaliyopangwa kwa umbo la samaki, la moyo, la joka. Muziki ulitoka mawinguni, yaani kwenye spika zilizofungwa milingotini. Alipiga goti mbele ya sanamu, akaomba, kisha akainuka akaanza kutafuta.

"Mwanangu," alimwambia Vi, "ile chemchemi ya zamani iko wapi? Penye mwamba bapa."

Vi akatazama karatasi yake. "Chemchemi? Iko ya muziki, shangazi, inaruka maji saa nane, inacheza na taa. Hiyo?"

"Ya zamani. Ya mlima."

"Hiyo haimo kwenye ratiba yetu, shangazi yangu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtoto tu, na vita vyenyewe hata mama yake hakuvikumbuka.

Mama Ngoan akazunguka uwanja. Phuoc alimfuata nyuma, simu mkononi, anazungumza na fundi wa maturubai. Kila alipotazama chini, Mama Ngoan aliona jiwe limeunganishwa na jiwe kwa saruji. Alifika ukingoni penye reli ya chuma. Ng'ambo ya reli, chini kidogo, mlima ulikuwa mlima bado: majani, mwamba mweusi, na udongo mwekundu wenye changarawe ulioporomoka baada ya mvua. Akavua kandambili, akapitisha mguu mmoja juu ya reli.

Filimbi ikalia.

"Wewe bibi! Wewe bibi, shuka! Unataka kufa?" Mlinzi alikuja mbio, ameshikilia kofia.

"Konzi moja tu ya udongo, mwanangu. Mume wangu yuko hapo."

Mlinzi akachungulia bondeni kwa hofu. "Nani? Ameanguka?"

"Zamani. Katika vita."

Mlinzi akashusha pumzi. Alikuwa mtu mzima, uso umeungua jua, na kwa dakika moja Mama Ngoan alidhani angekubali. "Mama," alisema polepole, "ukiteleza hapo, mimi na wanangu tumekwisha. Nakuomba. Nenda kale."

Watu walikuwa wamesimama wanatazama, wengine wanapiga picha. Diem akamshika mkwe wake mkono, masikio yamemwiva. "Mama, twende. Mama, aibu hii."

"Nendeni mkale," alisema Phuoc, akafunika simu kwa kiganja. "Nipe kifuko, Mama. Nitazungumza naye kiume. Nitashuka mimi."

"Wewe utashuka?"

"Si baba yangu?"

Hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Phuoc. Baba yangu. Siku zote alisema baba, au marehemu, au yule. Mama Ngoan akakivua kifuko, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe kwa mikono miwili.

Katika ukumbi wa chakula, Diem alimrundikia kamba na nyama ya nguruwe. Ilikuwa siku ya mwezi mwandamo, siku ya kutokula chenye damu, lakini mkwe hakukumbuka, na Mama Ngoan hakumkumbusha. Alikula wali na mchuzi wa soya, macho mlangoni. Phuoc alipoingia, jasho linamtiririka, suruali ina vumbi magotini, na kifuko kimetuna kama titi la mama anayenyonyesha, Mama Ngoan alisimama hata bakuli likapinduka.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka. Karibu na mwamba. Mlinzi aligeuka upande mwingine."

Basi Mama Ngoan akalia. Alilia hapohapo, kati ya sahani za watu, kifuko kimebanwa shavuni. Hakujali. Phuoc alimpigapiga begani, akatazama pembeni.

Kurudi, watu walikuwa wamechoka na kushiba. Vi alikuwa amekwisha kuwasha nyimbo, wa kuimba waimbe, basi lilipofika kwenye daraja la kwanza. Mama Ngoan akainua kifuko, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema na mumewe jikoni:

"Baba Phuoc, tunavuka daraja. Shika nguo yangu, nifuate."

Mama mnene akaacha kutafuna. Kila mtu wa nchi hiyo anajua maneno hayo. Roho haivuki maji kama haikuitwa. Usipoiita, inabaki ng'ambo inatangatanga. Vi akazima muziki bila kuambiwa. Dereva akapunguza mwendo.

Kwenye daraja la pili, Mama Ngoan akaita tena. Kwenye la tatu, mzee mmoja wa nyuma akavua kofia. "Baba Phuoc, mto huu mpana, usitazame chini." Mama mnene akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. "Yuko pamoja nasi, dada," alisema. "Amepata kiti." Hakumwita bibi tena.

Kabla ya mto Hau, wengi walikuwa wamelala. Phuoc alikuwa ameegemea dirisha. Mama Ngoan alilegeza kamba ya kifuko kidogo tu, apate kunusa, kama mjane anavyonusa shati lililobaki kabatini.

Akanusa banda lake mwenyewe la maua.

Alidhani pua imemchezea. Akatia vidole viwili, akatoa punje, akaziweka kiganjani. Majivu ya kumvi za mpunga. Nyuzi za makumbi ya nazi. Tope jeusi la mto, lililokaushwa likapondwa. Vidonge vyeupe vya mbolea. Na katikati, jani moja la ua la manjano, halijanyauka hata.

Mchanganyiko huo aliukoroga kwa mikono yake tangu alipoolewa. Kila nyumba ya njia yao ilipanda maua ya vyungu, na malori yalikuja kuyachukua kuyapeleka kwenye mahoteli, viwanja vya sherehe, milima ya watalii. Hayo mazulia ya maua kule juu yalitoka kwao. Phuoc hakushuka popote. Alipiga magoti kwenye bustani ya joka au ya samaki, akazoa. Mama Ngoan alikuwa amesafiri siku nzima kuleta nyumbani udongo wa uani kwake.

Akaurudisha ndani. Akafunga kamba.

Daraja kubwa la mto Hau likaanza kuinuka mbele yao. Basi likapanda. Maji yalikuwa chini, mapana, ya rangi ya chai ya maziwa. Phuoc akafumbua macho.

"Mama. Daraja hilo."

"Naliona."

"Mbona humwiti?"

"Mwite wewe. Mzigo umeufunga wewe. Wewe ndiye unajua ndani yuko nani."

Phuoc akakaa sawa. Alitazama kifuko, akatazama kiganja cha mama yake chenye majivu. Mto ulipita wote bila Luom kuitwa.

"Mama, kule juu ni saruji tupu," alinong'ona mwishowe. "Umeona mwenyewe. Yule mlinzi sikumsemesha hata, angekataa tu. Ningefanya nini? Wajomba wanatoka Can Tho. Mtawa ameshika siku. Udongo ni udongo, Mama."

"Kama udongo ni udongo, ulinipandisha mlimani kufanya nini?"

Phuoc akageukia dirisha.

"Hilo la bustani ningelimeza," alisema Mama Ngoan. "Ungeniambia, Mama, nimeshindwa. Ningelia, yakaisha. Lakini uliniona nalia kwa furaha ukanyamaza. Ukaniacha nimwite, daraja baada ya daraja, mbele za watu. Nimeita mbolea, Phuoc. Nimeiambia mbolea ishike nguo yangu."

"Mama, punguza sauti."

Sauti yake haikuwa imepanda hata kidogo.

Mama mnene akaamka, akajinyoosha. "Dada, mbona kimya? Mzee wako kalala?"

"Hakupanda gari," alisema Mama Ngoan.

Keshokutwa yake ukoo ulijaa. Maturubai, meza, moshi wa udi, mjomba wa Can Tho akipapasa vigae na kuvisifu. Mama Ngoan alikuwa amekaa macho wazi siku mbili akilipima neno moja kinywani. Angelisema, mbele ya mtawa na mbele ya wazee, Phuoc angebaki mtu aliyemdanganya baba yake kaburini, na hilo haliosheki. Asingelisema, yeye ndiye angebaki nalo. Akaona mama ndiye hubebeshwa. Akanyamaza.

Lakini mtawa alipomaliza kusoma na kusema, "Mjane aweke," hakunyoosha mkono.

"Aweke aliyeuchukua," alisema.

Watu wakadhani ni heshima anayompa mwanawe, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Phuoc akaupokea, akashuka, akauweka ndani. Alipopanda, hakuthubutu kumtazama mama yake usoni. Akasujudu, mkewe akasujudu, binti yao aliyepona nusu akasujudu. Mama Ngoan alisimama wima, mikono ameifumbata, na midomo yake ikilitaja jina la Buddha bila sauti.

Wageni walipoketi kula, alipitia jikoni, akachota uji mwembamba wa mchele katika bakuli, na chumvi kidogo, akatoka nao hadi nje ya lango, kando ya barabara. Hapo huwekwa chakula cha wasio na kwao: waliozama, waliopotea, waliokufa njiani bila mtu wa kuwafumba macho. Nyumba yenye wafu wake huwalisha wafu hao kwa huruma, kisha hurudi ndani kwa walio wake. Mama Ngoan alitandika jani la mgomba chini, akamimina uji vijiko vijiko, akachoma udi.

Kisha, kati ya wale wasio na majina, akataja jina. "Luom," alisema. "Na wewe kula na wenzako."

Phuoc alitokea langoni, jasho shingoni, anatabasamu tabasamu la wageni. "Mama, tunakusubiri. Picha ya ukoo, pale kaburini." Kisha akaona jani la mgomba, na tabasamu likamwanguka. "Mama. Uji wa nani huo? Leo? Mama, watu watasema nini?"

"Pigeni picha," alisema Mama Ngoan.

"Bila wewe?"

Hakugeuka. Upepo wa lori lililopita ulikuwa umezima udi, naye alikuwa akiuwasha tena.