Binti Nandonde

Bibi yangu aliletwa Kilwa Kivinje akiwa na miaka sita hivi, kamba shingoni, kati ya watu wazima. Bwana aliyemnunua alimwita Tufaha, na jina hilo akalizoea. La ukoo hakuliachia. Aliolewa, akazaa, Waingereza wakaja wakapiga marufuku utumwa, na bado kila mtoto wa nyumba yetu alifundishwa kujitaja: Nandonde.

Baba yangu, Fakihi, hakulipenda. Pale mjini jina la bara lilitangaza kwamba mama yako alinunuliwa.

"Mama, tuache nasi tuwe watu wa Kilwa," alimwambia.

"Wapo watu wananitafuta, Fakihi. Wakija, watauliza kwa jina gani?"

Mwaka 1934 alifika mchuuzi mmoja wa Rutamba, Hasani. Bibi alimuuliza, kama alivyomuuliza kila mtu wa bara.

"Kina Nandonde?" Hasani akasema. "Amebaki kikongwe mmoja, Mboni."

Baba alikataa kwenda. Nilikwenda mimi, Mastura, niliyekuwa nimeachika mwaka ule. Tulipanda lori mpaka Lindi, kisha tukatembea siku mbili, Bibi mbele.

Mboni tulimkuta barazani akibangua korosho. Kidevu chake kilikuwa cha Bibi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Mwatoka wapi?"

Bibi alijibu mwenyewe. "Mimi ni binti Nandonde. Wangoni waliniteka mwaka wa njaa."

Mboni aliweka jiwe chini.

"Wangoni hawakufika mwaka ule," akasema. "Baba alikushika mkono akakupeleka njiani. Alirudi na vikapu viwili vya mtama."

Bibi alikaa chini palepale, mchangani.

"Nani aliula?"

"Sisi. Mimi niliula, dada yangu. Mama hakuugusa. Alikaa mlangoni akitazama njia mpaka akafa, mvua hazijanyesha."

"Mama aliitwa nani? Nimemsahau."

"Nalole."

Mboni alimwangukia miguuni akilia. Bibi alimwekea mkono kichwani. Jioni tuliandaliwa chakula. Bibi alinawa, kisha akakaa na mikono yake juu ya magoti mpaka ikakauka. Alfajiri tukaondoka.

Nyumbani hakusimulia chochote. Nilimweleza Baba mimi, naye akamwendea Bibi chumbani kwa hasira.

"Mama, miaka yote hii tunabeba jina la mtu aliyekuuza? Basi, tulitupe!"

Bibi alimtazama kama mtoto aliyepotea sokoni. "Sijui, mwanangu," alisema. "Wallahi, sijui."

Tangu siku hiyo sikumsikia akilitaja. Aliacha pia kuwauliza wageni. Alikonda, na kabla ya Ramadhani akafa.

Siku ya maziko mwalimu aliuliza jina la mama wa marehemu, kwa ajili ya talakini, maneno anayosomewa maiti kaburini. Wazee wakasema mtu wa asili ile mama yake hajulikani, aitwe binti Hawa tu, mama wa watu wote, yaishe. Baba alisimama.

"Anajulikana," akasema. "Nalole." Akarudia, mwalimu asikie.

Wanangu nimewaandikisha shuleni kwa Nandonde. Habari za mtama sijawaambia. Mkubwa juzi aliniuliza huyo Nandonde, babu yetu, alikuwa mtu gani, nikamtuma kisimani.