Naungana na Mwenzangu

Kila asubuhi kazi zangu zina mpangilio wake. Namgeuza shangazi Rosa, namfuta kwa maji ya vuguvugu, nampaka mafuta mgongoni, nambadilishia khanga, halafu namkalisha kwa mito miwili na kumlisha uji. Akimaliza, ananyanyua mkono wa kushoto, ule ambao kiharusi hakikuugusa, anafanya ishara ya msalaba. Hapo ndipo ninapojua kwamba siku imeanza.

Jumamosi hiyo alikataa kijiko. Nilijaribu tena, akausukuma mkono wangu. Bakuli likapinduka, uji ukamwagikia khanga niliyomvalisha muda huo huo, ukapenya hadi kwenye godoro.

Nikampiga. Si kwa nguvu, lakini nilimpiga, kwenye mkono ule ule mmoja mzima, na nikajisikia nikisema, "Unataka nini kwangu?"

Shangazi amebakiwa na maneno machache. Aliuvuta mkono taratibu, akauficha chini ya khanga. Ishara ya msalaba haikufanyika.

Nilimlaza shangazi mkekani, nikafua, nikaburuta godoro hadi uani. Mchana nilipomlisha wali alikula, ila mkono haukutoka. Nilitaka kumwomba radhi nikaishia kumuuliza kama anataka maji.

Huu ni mwezi wa kumi na sita tangu augue hapa mjini Masoko. Mwanzoni wanajumuiya, majirani tunaosali nao kila Jumamosi, walikuja sana. Walileta ndizi, wakasali, wakaimba. Mimi sijazoea kusumbua watu, kwa hiyo kila aliyeuliza hali ya mgonjwa nilimjibu, "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Niliamini Mkristo anapaswa kujibu hivyo. Wakanisadiki. Wakapungua, mmoja baada ya mwingine, na sikuwa na haki ya kuwalaumu.

Saa tisa jirani yetu Bi Mastura alikuja kukaa na shangazi, kama afanyavyo kila Jumamosi ili mimi niende jumuiya. Alikuja na beseni lake la samaki, akaketi mlangoni akiwapara magamba.

"Mwalimu," aliniita kwa kazi yangu, "hilo godoro vipi?"

"Uji ulimwagika, Bi Mastura."

"Nilisikia." Alimgeuza samaki upande wa pili. "Ukuta wenyewe huu ni karatasi."

Nilitazama chini. Nilidhani atanisema.

"Mama mkwe wangu nilimuuguza miaka mitatu," alisema. "Siku moja nilimfungia ndani nikaenda kukaa forodhani mpaka adhuhuri. Sikumwambia mtu. Kila aliyeniuliza, 'Alhamdulillahi, hajambo.' Hajambo gani, mtu hawezi hata kujikuna!" Akacheka peke yake, kisha akanipungia kisu. "Haya nenda kasali. Na urudi na uso mwingine, huo umenichosha."

Jumuiya siku hiyo ilikuwa kwa mwenyekiti wetu, Mzee Laurenti. Tuko familia tisa tu, tunatosha kwenye mikeka miwili. Baada ya Injili kila mtu hutoa nia yake, ombi lake kwa Mungu, kwa zamu, anamalizia, "Ee Bwana," na wote tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Mimi nina aibu. Tangu nijiunge, zamu yangu ikifika, nasema, "Naungana na nia ya mwenzangu."

"Leo usikae karibu yangu," Mama Fortunata alininong'oneza nilipoketi. "Nataka kumwombea mume wangu apunguze kukoroma. Sasa wewe utaungana nami kwa mume yupi?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mzee Laurenti akakohoa, wakanyamaza.

Nia zikaanza kuzunguka. Ambrosi aliombea korosho zake. Mwingine akamwombea binti aliye na mitihani. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisikia sauti bila maneno, na nikamkumbuka shangazi kwenye mkeka kama ule, enzi zake. Yeye hakuwa na nia fupi. Alimweleza Mungu paa linavuja upande gani, na kwamba ndoo imejaa mara mbili usiku, na kwamba yeye ni mjane hawezi kupanda juu. Watu walikuwa wakibana vicheko. Mimi, niliyetoka chuoni likizo, niliona haya kwa niaba yake. Jumatatu yake Ambrosi alifika na ngazi.

Miaka yote hiyo nilidhani shangazi alikuwa hajui kusali.

"...na apunguze kukoroma, Ee Bwana," Mama Fortunata alimaliza.

"Twakuomba utusikie."

Zamu ikawa yangu. Mama Fortunata alinigusa kwa kiwiko, tayari kucheka.

"Naungana," nilianza, nikakwama.

Mzee Laurenti alidhani nimemaliza, akamgeukia aliyefuata.

"Hapana, baba, subiri," nikasema. "Nimekuwa nikiwaambia kwamba shangazi anaendelea vizuri. Haendelei vizuri. Ana kidonda mgongoni, kwa sababu usiku napitiwa na usingizi simgeuzi. Leo asubuhi nimempiga mkono. Ameuficha mpaka sasa, na sijamwomba radhi."

Hakuna aliyecheka. Mama Fortunata alikuwa ameshika mdomo.

"Namwomba Mungu anisamehe. Na nimechoka. Sijui nia hii inasemwaje." Walikuwa wakinisubiri nimalizie ili waitikie, nami sikuwa nimefika mwisho. "Naomba mje. Si kuimba. Mtu mmoja tu, asubuhi, wa kushika upande wa pili ninapomgeuza. Peke yangu siwezi."