Nusu ya Jiko

Mwaka wa pili baada ya uhuru, macho ya mama mkwe wangu yaliingia ukungu mpaka akawa anamimina uji nje ya bakuli. Aliishi peke yake kule Ambondrona, kisiwani Nosy Be, na jamaa walipoleta habari, mke wangu Nadjma akapanda meli kwenda kumchukua. Mimi nilibaki Mahajanga na kazi moja tu: kumtafutia mama mahali pa kulala.

Nyumba yetu pale Mahabibo ilikuwa ya mabati, chumba kimoja na jiko nyuma yake. Chumbani tulilala sisi wawili. Palibaki jikoni.

"Nitaligawa," nilimwambia Nadjma siku ya kumsindikiza. "Nusu ya mama, nusu ya masufuria."

"Na mimi nitasimama wapi?"

"Wewe niachie mimi."

Wakati huo nilikuwa mnyapara wa makuli bandarini. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha shehena inajaa ngamani mwa meli bila kupoteza hata nafasi ya kupitisha kidole, na kwa kuwa niliifanya vizuri, nilijiona najua kupanga kila kitu duniani. Hata mlangoni mwa msikiti, nikiona viatu vimetupwa ovyo, mikono ilikuwa inaniwasha.

Basi nikanunua mbao za makasha nikajenga kizuizi katikati ya jiko. Upande mmoja nikaweka kitanda cha kamba. Upande wa pili ulibaki mwembamba hivi kwamba nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Sikujali. Nikaanza kupakia.

Vizito chini: kinu, pipa la mchele, gunia la makaa. Sufuria kubwa juu ya pipa, ndani yake ya kati, ndani ya hiyo ndogo, na ndani ya ndogo kabisa nikatia kopo la chumvi, maana lilikuwa limeenea barabara kama lililozaliwa humo. Mbuzi ya nazi nikaisukuma nyuma ya pipa. Bilauri nikazizungushia majani makavu nikazifungia kwenye kasha, utadhani zinapelekwa Marseille. Ungo, miko, kawa na kikaango nikavitundika darini kwa kamba moja ndefu iliyopita kila mahali, na fundo lake nilifunga mwenyewe. Nilipomaliza nilikaa kizingitini nikalitazama jiko langu kwa muda mrefu. Nakiri nilitabasamu.

Jirani yetu Zalifa alipita kuazima chumvi. Akachungulia, akaweka mkono mdomoni.

"Ahamada, mnahama?"

"Nimepanga."

"Aa. Nipe basi chumvi kidogo, mchuzi uko motoni."

Nikatoa kikaango kilichokuwa kinaning'inia njiani, nikasogeza gunia, nikainua sufuria kubwa, nikaanza kuzitoa zile za ndani. Zilikuwa zimebanana. Nilizigonga, nikazipaka mafuta, nikazikalia. Nilipotoka na kopo mkononi, nguo imejaa masizi, Zalifa alikuwa nyumbani kwake anawapakulia watoto. Nikajiambia kuwa mwanamke mwenye akili huazima chumvi mapema.

Nadjma na mama yake walifika kwa meli ya wiki ile. Mama Halimati alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, uso ameuelekeza pembeni kidogo kama mtu anayesikiliza mlango. Zamani hapakuwa na harusi pale Ambondrona ambayo hakuipikia.

"Kwezi, mama," nilimsalimu kwa heshima ya kwetu, nikambusu mkono.

"Mbona, mwanangu," aliitikia kama ilivyo desturi. "Jiko liko wapi?"

Hakuuliza kitanda. Nikampeleka kwa furaha, nikaanza kumweleza: huku pipa, kule juu susu yangu ya kamba, pale...

"Usinieleze. Upeleke mkono wangu nishike."

Nikauinua mkono wake mpaka kwenye kamba. Akaivuta kidogo tu, kama mtu anayepima uzito wa kitambaa. Lile fundo langu, lililokuwa imara ukilivuta kutoka upande wangu, likafunguka.

Vyote vilishuka pamoja. Ungo ulimfunika mama kichwani, kawa ikabingirika hadi uani. Mimi niliruka kukidaka kikaango, nikakanyaga mwiko, nikakaa kitako ndani ya karai la majivu ambalo, asante Mungu, lilikuwa limepoa. Nadjma alisimama mlangoni bila kupumua.

"Nani kaumia?" mama akauliza kutoka chini ya ungo.

"Mimi, mama."

"Wapi?"

Nikashindwa kumjibu mkwe wangu swali hilo. Nadjma akaanza kucheka, na mama, alipoelewa, akacheka mpaka ungo ukamwanguka.

Halafu akauweka ungo kando. Akapapasa kizuizi changu, mbao baada ya mbao, akafika kitandani, akakaa.

"Umenitafutia pa kulala, mwanangu, Mungu akulipe. Lakini kama sina pa kushika humu ndani, nitakaa hapa kuanzia asubuhi nikingoja kulishwa. Hilo silo lililonileta."

Wiki nzima nilikuwa nimempima mama wa watu kwa urefu wa kitanda.

Kesho yake nilishika nyundo, nikasimama pale nilipoambiwa. Kwanza walinibomolesha kizuizi. "Kitanda changu mchana kisimamisheni ukutani," mama alisema. "Kwani mimi mchana nalala?" Hapo hapo jiko likawa zima tena. Mbao nikazifanya rafu nyembamba, ya kutosha kopo moja kwenda ndani, ili kisikae kitu mbele ya kingine. Mama alisimama katikati, akanyoosha mkono bila kujilazimisha, akasema, "Hapa." Nami nikapiga msumari. Mwiko hapo. Kikaango hapo. Mifuniko nyuma ya mlango, imebanwa na vipande viwili vya ubao. Sufuria ya sikukuu juu ya mlango, maana hiyo hushushwa mara chache. Mbuzi nje, chini ya upenu. Nadjma alifunga uzi kwenye kopo la sukari na kitambaa kwenye la chumvi, ili mkono uyatofautishe. Kila nilipofungua mdomo kutoa shauri la bandarini, waliniomba msumari mwingine.

Mama alianza kupika siku hiyo hiyo, polepole, akiungua kidogo hapa na pale na kulaani kwa sauti ya chini. Baada ya wiki chache nilirudi kutoka kazini nikakuta wali wa nazi na samaki tayari, Nadjma yuko sokoni, na mama peke yake mbele ya jiko la makaa. Njaa ikanishika. Nikafunua sufuria, nikachota, nikarudisha mwiko ukutani kimya kimya.

"Ahamada."

"Naam, mama."

"Huo ni msumari wa kikaango."

Nikauhamisha. Kisha nikasimama na sahani yangu katikati ya jiko, mimi mnyapara wa bandari, nikamuuliza niketi wapi.