Mgeni wa Chumba cha Mkeka

Kazi yangu ni kutojulikana. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani natania, kwa hiyo siku hizi siwaambii, na kwa kweli sina wengi wa kuwaambia.

Ofisi yetu inachunguza watoto wa mwaka mmoja na kidogo: wanavyomganda mama, wanavyomlilia akitoka, wanavyotulia akirudi. Kuna chumba chenye mkeka, viti viwili, kapu la vitu vya kuchezea na kioo kikubwa ukutani. Nyuma ya kioo anakaa Daktari na kamera yake; yeye anatuona, sisi hatumwoni. Mama na mtoto wanaingia kwanza, kisha naingia mimi. Dakika ya kwanza nakaa kimya bila kumtazama mtoto. Dakika ya pili nazungumza na mama. Dakika ya tatu nashuka mkekani kucheza na mtoto. Hapo Daktari anagonga ukuta, mama anatoka, na mtoto anabaki na mtu asiyemjua. Mtu huyo ndiye mimi. Ofisini wananiita Mgeni, na sidhani kama kuna anayekumbuka jina langu.

Ili kipimo kiwe sawa, mtoto asiwe amewahi kuniona hata kwa bahati. Kwa hiyo naingia kwa mlango wa nyuma, nangoja kwenye stoo ya mafagio, na chakula cha mchana nakila humo nimekalia ndoo. Hata njia ya sokoni nimeibadilisha, maana familia nyingi zinazokuja kwetu zinaishi upande ule. Nilifundisha chekechea miaka thelathini, watoto walikuwa wakinirukia kila nilipopita. Sasa mtoto akinichekea barabarani nageuza uso kama mwizi. Siku ya kwanza Daktari alinisifia. "Una uso unaofaa," alisema. "Hautishi, lakini haumvuti mtu." Nikamshukuru. Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha nikamtukana Daktari kidogo, si sana.

Nyumbani niko peke yangu. Mume wangu amefariki, na binti mmoja tu niliyejaliwa hatusemeshani. Siku ya mazishi ya baba yake alichelewa kufika. Gari lilimharibikia njiani, lakini hilo nililijua baadaye. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, uchungu umenijaa, nikamwambia mbele ya wote: "Umekuja kuzika, au umekuja kula?" Aliweka begi chini, akaenda kaburini peke yake, akarudi, akachukua begi lake na kuondoka.

Imepita miaka mitatu. Kwamba amejifungua mtoto wa kiume niliambiwa na muuza duka huku akinipimia sukari. Nikamjibu, "Najua," nikatoka nje, na sukari nikaiacha palepale. Mimi nikinuna nanuna kisawasawa, na binti huyo tabia zake hakuziokota barabarani.

Familia kwetu zina namba, hazina majina. Alhamisi ile Daktari alichungulia stoo na kuniambia, "Arobaini na moja. Mvulana, miezi kumi na minne. Wako tayari." Nikavua kandambili, nikavaa viatu vya kazi, nikafungua mlango.

Aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani ni binti yangu. Alikuwa amenenepa kidogo na amekata nywele. Mtoto alikuwa mkekani anagongagonga kikombe cha plastiki, na masikio yake ni ya mume wangu, yale yale yaliyosimama ambayo nilimtania nayo maisha yake yote.

Utaratibu unataka nikiingia niseme, "Habari. Mimi ni mgeni." Nikasema. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi.

"Nzuri," alisema binti yangu.

Nikakaa na kuangalia magoti yangu. Ningetamka neno moja tu la kuonyesha kwamba namjua, Daktari angesimamisha kila kitu, na binti yangu angembeba mtoto wake na kuondoka kama alivyoondoka mazishini. Sijifanyi mtakatifu. Nilitaka zile dakika na mjukuu wangu, hata kama ni za kuiba.

Taa ndogo juu ya mlango ikawaka, maana yake nianze mazungumzo. Maswali yameandikwa, nayajua kwa moyo.

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi kumi na minne."

"Analala vizuri?"

"Siku hizi analala. Mwanzoni alinitesa kweli."

"Nani alikuwa anakusaidia?" Swali hilo halijaandikwa popote.

Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Jirani," alisema. "Mama mmoja mwema sana. Yeye ndiye alinifundisha kumwogesha."

Nimeogesha watoto wa watu mpaka nimechoka kuwahesabu, na wa kwangu kaogeshwa na jirani. Nilistahili kuambiwa hivyo, na bado iliniuma.

Taa ikawaka tena. Nikashuka mkekani, magoti yakalalamika, nikamviringishia mtoto mpira. Aliutazama mpira, akanitazama mimi, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mguu wa mama yake. Wote hufanya hivyo. Arobaini kabla yake walifanya hivyo na sikuumia hata siku moja.

Daktari akagonga ukuta. Hapo mama hutakiwa kutoka bila maneno. Binti yangu hakuinuka. Alikuwa ananitazama, na nikajua anapima kama mimi ni mtu wa kuachiwa mtoto. Daktari akagonga mara ya pili. Ndipo akasimama, akauacha mkoba wake kitini mahali mtoto anapouona, akatoka.

Mtoto alilia kwa nguvu zake zote. Utaratibu unaniruhusu kumbembeleza, nikambeba. Alikuwa mzito kuliko nilivyowaza, na alinisukuma kifuani kwa mikono yote miwili. "Nyamaza baba, mama anakuja," nilimwambia. Huwa nawaambia wote maneno hayo. Nilimwonyesha mpira, nikamwimbia, nikamtembeza dirishani. Hakutaka. Nilikaa na mjukuu wangu mikononi dakika mbili na ushee, na muda wote huo alikuwa anataka kushuka.

Mlango ukafunguliwa. Mama akirudi, mgeni hutoka bila kuaga. Nilimkabidhi mtoto, vidole vyetu vikagusana chini ya makwapa yake, na kabla sijaufikia mlango alikuwa ameshanyamaza.

Daktari alinifuata stoo na fomu mkononi, uso umemchangamka. "Hii ndiyo rekodi safi kuliko zote," alisema. "Umeona alivyotulia kwa mama? Na wewe amekukataa kabisa. Mtoto huyu ametunzwa vizuri sana."

"Ametunzwa," nikasema.

Fomu ina maswali mawili. Mama anajaza yake na mimi najaza yangu. Mtoto amewahi kumwona mgeni kabla ya leo? Mgeni ana uhusiano wowote na familia? Fomu ya binti yangu ilikuwa juu ya yangu, imeshajazwa. Hapana, na tena hapana. Mwandiko ule nilimfundisha mimi, kwenye meza ya jikoni. Sikujua kama ni hasira, au amenifichia nisifukuzwe kazi. Vyote viwili vinamfanana.

Swali la kwanza nikaandika hapana, na ilikuwa kweli tupu. Kwenye la pili kalamu ilisimama. Nikiandika hapana, rekodi inabaki, kazi yangu inabaki, na kwa maandishi ya watu wawili mtoto yule hana bibi. Nikaandika ndiyo. Chini yake kuna mstari wa maelezo, nikaujaza: Ni bibi yake mzaa mama.

Daktari alisoma mara mbili. "Basi hii hatuwezi kuitumia," alisema taratibu. "Na wewe itabidi tuzungumze."

"Tuzungumze kesho," nikamwambia. "Saa hizi wanavaa viatu."

Nikapita korido ya mbele, ambayo sikuwahi kuikanyaga familia zikiwapo. Binti yangu alikuwa benchini anamvalisha mtoto kiatu. Mtoto aliniona, akaanza kulia, akajificha shingoni kwa mama yake.

"Anaogopa watu asiowajua," alisema binti yangu, bila kuinua kichwa.

"Najua. Kwenye fomu nimeandika kuwa mimi ni bibi yake." Nikaongeza, "Na siku ile ya mazishi nilikukosea. Ulikuja kumzika baba yako, nami nikakudhalilisha mbele za watu."

Akachukua kiatu cha pili.

Nikakaa mwisho wa benchi, mbali nao. Nikaweka mikono magotini na kutazama ukuta, kama nilivyozoea. Dakika ya kwanza mgeni hukaa kimya, hamtazami mtoto. Kilio kilipungua, kikabaki kwikwi. Kiatu cha pili kilikuwa bado mkononi mwa binti yangu, na hakuwa na haraka ya kukivalisha.