Pole ya Bibi wa Boma

Pole za mdomo nazipokea, jamani, asanteni. Za mkononi sitaki. Kaeni niwaambie kilichomuua Yotham, maana nasikia mnasema homa.

Mume wangu alikuwa mpishi wa Bwana Mdachi hapo boma la Dodoma. Bwana alikuwa na jibwa lake, Hekta, linakula nyama kila siku na sisi tunasukuma ugali wa uwele kwa mlenda. Sikukuu moja mke wake, yule Bibi, akalilisha chokoleti kwa mkono wake, bamba zima, huku akicheka. Yotham alikuwa amesimama palepale na sinia. Jioni jibwa likatapika, likahema, likatetemeka mwili mzima. Asubuhi lilikuwa limekauka.

"Nani kalilisha sumu?" Bwana akafoka.

"Ni ile chokoleti, Bwana," Yotham akasema. "Kabla ya hapo lilikuwa zima."

Ala! Bwana akachukua chokoleti, akaitafuna mbele ya watu wote. "Mimi nimekula, Bibi amekula. Mbona hatujafa?" Yotham akakamatwa. Akalazwa chini, akapigwa viboko hamsa ishirini, akatiwa mnyororo wa shingo asombe mawe mpaka Bwana atakaporidhika.

Nikaenda kumlilia Bibi. Nilipiga magoti mimi, Zipora, na kiburi changu mnakijua. Akanishika bega, akanipa bamba la chokoleti ndani ya karatasi ya kung'aa. Eti pole! Mume yuko mnyororoni, mimi nilambe vitamu? Nilipofika hapa Mkonze nikalitupa uani kwa hasira.

Mbwa wetu Watasema akalila. Mnamkumbuka, jina hilo nilimpa kwa ajili ya maneno yenu, msijifanye hamjui. Ng'ombe hawajarudi zizini, akaanza kutapika. Akahema. Akatetemeka mwili mzima. Nikamnywesha maziwa, wapi! Asubuhi akafia mapajani mwangu. Nililia, kisha nikalikumbuka lile jibwa la Bwana. Yotham alisema kweli, na ushahidi huu hapa.

Nikambeba mgongoni kwa kaniki kama mtoto, nikaenda boma. Askari wakanicheka, nikawapita. Nikamlaza miguuni pa Bibi pamoja na ile karatasi ya kung'aa, imetobolewa na meno. "Ulichonipa ndicho alichokula, Bibi. Mwambie Bwana amfungue mume wangu."

Akaitazama karatasi, akamtazama mbwa, uso ukamparara. Alielewa, nawaapia! "Nenda nyumbani," akasema. "Nitazungumza naye."

Nikarudi nikiimba, mjinga mimi. Nikafagia nyumba, nikasaga uwele. Yotham hakuja. Nilipochoka kungoja nikaenda tena boma, nikamkuta njiani na jiwe begani, shingo imechubuka, inatoa usaha. Kibarazani kulikuwa na kijibwa kipya. Bibi alikuwa anakula chokoleti, kijibwa kikamrukia kikiililia. Akaiinua juu haraka, akakisukuma taratibu, akaifungia mkebeni kwa ufunguo.

Kisha akaniona. Akageuza uso.

Kidonda kile cha shingo ndicho kilichompandisha homa. Jana tumemzika, kile kijibwa kinanenepa tu. Na leo asubuhi Bibi amemtuma askari kwangu na pole yake, imefungwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Nimeichimbia shimo refu nyuma ya zizi, mbwa wenu wasije wakaipata.